Rungwe, Mlima Uliompa Kima Jina la Kisayansi

Mwezi Mei 2025 ilitimia miaka 20 tangu jarida la Science la Marekani lilipoutangazia ulimwengu kuwapo kwa kipunji, kima wa manyoya marefu ya kahawia na kishungi kilichosimama utosini, ambaye wengi wa jamii yake huishi katika misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone, kusini magharibi mwa Tanzania. Kumbukumbu hiyo inawahusu kwanza wakazi wa Igogwe, Kiwira na Tukuyu, karibu na mlima huo, kwa kuwa elimu iliyozaa ugunduzi huo ilikuwa yao.

Mlima wenyewe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni volkano ambayo mlipuko wake mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita ulitapakaza majivu yaliyorutubisha ardhi inayostawisha migomba na chai hadi leo. Wamisionari wa Moravian walifika chini yake mwaka 1891, na baadaye utawala wa Waingereza ukautenga msitu wake kuwa hifadhi.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji kwa muda mrefu, ingawa wageni waliyachukulia maelezo yao kama ngano, mpaka mwaka 2003 timu ya mtafiti Tim Davenport, iliyokuwa na Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, ilipoyafuatilia na kumwona mnyama huyo. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine, Trevor Jones, pasipo kujua habari za Rungwe, alimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, na pande hizo mbili zikaungana kuandika maelezo ya mwaka 2005. Mabishano yakazuka, kwa sababu kielelezo cha msingi, yaani mfano unaobeba jina la spishi, kilikuwa picha tu wala si mwili wa mnyama, jambo ambalo baadhi ya wanasayansi walilipinga vikali, ilhali watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu kiasi hicho. Kisha kipunji mchanga akafa katika mtego uliotegwa shambani Rungwe, na uchunguzi wa mwili na vinasaba vyake ukaonyesha kuwa ana undugu wa karibu zaidi na nyani kuliko na kima wa Lophocebus, jenasi (yaani kundi la spishi zenye nasaba moja) alikowekwa awali. Hivyo mwaka 2006 akaundiwa jenasi mpya iitwayo Rungwecebus. Hiyo ilikuwa jenasi ya kwanza mpya ya kima wa Afrika tangu 1923. Ni fahari kubwa kwa mlima huu, lakini ni dhuluma kwamba wawindaji walioongoza njia hawatajwi kwa kadiri wanayostahili.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu. Msitu wa Rungwe ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, lakini ukanda mwembamba wa Bujingijila, unaouunganisha na Livingstone, umemomonywa na mashamba na ukataji miti, na bila ukanda huo kipunji wa Rungwe watatengwa na wenzao.