Kambi, Soko na Darasa: Jinsi Kiswahili Kilivyofundishika Nile Magharibi

Nchi ya Vurra iko karibu na mji wa Arua, pale ambapo mgawanyo wa maji ya Nile na ya mto Kongo umefanywa kuwa mpaka wa dola mbili. Wenyeji wake husema Kilugbara, lugha isiyo na udugu na za Kibantu. Mganda ajifunzaye Kiswahili hukuta ngeli alizozizoea tangu utotoni, japo kwa sura nyingine. Mlugbara hana daraja hilo. Kwake, kutenga "mti mzuri" na "kitu kizuri" ni elimu mpya kabisa. Hata hivyo Kiswahili kimesemwa huko kwa miaka mingi. Yafaa basi, ndugu walimu, tujiulize: wazee wale walijifunzaje?

Baada ya sehemu ya kusini ya Lado kutiwa katika Uganda mwaka 1914, vijana wengi wa Nile Magharibi waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Neno la amri halisomwi tu: husikika, hutendwa papo hapo, na kesho hurudiwa. Shule ya pili ilikuwa soko la mpakani, ambako asiyejua kutaja bei hurudi na mzigo wake. Katika shule zote mbili mwanafunzi alilazimika kulitoa neno kichwani mwake mwenyewe.

Wataalamu wameithibitisha njia hiyo. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha kwamba tulilojifunza hutupotea upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, waliona kuwa waliojijaribu kukumbuka walihifadhi mengi zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika 5 wasomaji ndio waliotangulia.

Lakini kambi na soko vilikuwa na upungufu. Vilimpa mtu maneno ya kutii na ya kupatana bei, si ya kusomea wala kuandikia. Tena kambi iliifanya lugha inuke baruti masikioni mwa raia wengi. Idi Amin, aliyetokana na Wakakwa wa Koboko, aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo halikuleta walimu wala vitabu vya kutosha. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe kwa lazima shuleni. Sasa mzigo uko darasani, na likishindwa, mtoto wa Vurra atabaki na Kiswahili cha amri tu.

Basi tuchukue utendaji wa kambi bila ukali wake, na haja ya soko bila uchache wa maneno yake. Ngeli zisiimbwe ubaoni. Vitabu vifungwe, mwanafunzi aulizwe; aulizwe tena kesho, na tena baada ya juma. Ngeli zichanganywe, ili achague mwenyewe kiambishi kifaacho. Kisha apewe jambo la kweli la kusema: aeleze njia ya kwao, aandike barua, asimulie habari za babu yake. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.