Fizikia ya Mpemba

Hadithi ya Erasto Mpemba wengi wetu tunaijua juu juu: mwanafunzi wa Kitanzania aliyeonyesha kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Basi, imeisha. Mimi maji hayanisumbui sana. Ninachokifuatilia ni nani alimfungulia mlango, na nani alimfungia.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi zilikuwa za kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja akaona kuchemsha ni kuchelewa, akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi, huyo akawahi. Mpemba kuona nafasi inakwenda, akatia ya kwake yakiwa bado moto, friza ikiharibika potelea mbali. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake bado mazitomazito tu.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, kitu hicho hakiwezekani. Kwa lugha ya mtaani: dogo, umechemsha.

Lakini likizoni rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi, ndiyo inayowahi kuganda. Kumbe mtaani lilikuwa jambo la kawaida! Alipofika Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likaona raha. Tangu hapo akikosea hesabu, eti ni hesabu za Mpemba.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji. Alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, sentimita za ujazo 50 kila moja, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, lakini ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Gharama ya utafiti huo ni bika mbili na mlango ambao haukufungwa.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakacheka. Osborne akamwuliza: umelifanya mwenyewe? Ndiyo. Akasema jibu halijui, ila akirudi Dar atalijaribu. Na kweli alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba ya moto imeganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi!

Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la *Physics Education*, jina la mwanafunzi likitangulia la mwalimu wa chuo. Sisi tunaojifunza kuandika tuisome: Mpemba anasimulia mwenyewe, maziwa, vicheko na yote, bila kujikweza. Ubishi wenyewe haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakaonyesha kwamba chembe ndogo sana zilizoanza na joto kubwa zinaweza kupoa upesi zaidi.

Mwaka uleule wa 1963, wanafizikia wawili wa Dublin, Tom Burke na Tony Scott, walikuwa New Mexico, Marekani, wakakutana na maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Huko mambo hayo yalishazoeleka. Maonyesho ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Philadelphia mwaka 1950. Wakabeba wazo hilo hadi kwao, na mwaka 1965 wanafunzi 230 wakaonyesha kazi zao Dublin. Kutoka Ireland likaja kwetu: mwaka 2011 Gosbert Kamugisha na Joseph Clowry walianzisha Young Scientists Tanzania.

Zawadi na vikombe havinibabaishi. Marekani kwenyewe wamelalamika siku nyingi kwamba mtoto mwenye njia ya kuingia maabara ya chuo kikuu hashindani sawa na wa shule ya kawaida. Fedha ya mfadhili ningeitia kwanza kwenye saa za mwalimu, abaki jioni, ufunguo mkononi.

Maonyesho ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012, miaka 49 baada ya maziwa ya Magamba. Wanafunzi wa shule za serikali walisimama kando ya mabango yao, na waamuzi wakapita wakiwauliza walichofanya, na wamejuaje.