Koboko: Mji wa Mipaka Mitatu

Koboko ni mji wa Wakakwa nchini Uganda, kabila ambalo mipaka ya wakoloni ililigawa kati ya Uganda, Sudan na Kongo. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hadi 1910, likaingizwa Uganda 1914. Wanubi, wazao wa askari wa gavana Emin Pasha, walieneza hapa Uislamu na Kinubi, Kiarabu kilichorahisishwa. Sokoni mteja huanza kwa Kikakwa, hubishania bei kwa Kinubi, na Kiswahili au Kilingala havikosekani. Rais Idi Amin, Mkakwa mwenyewe, alipoanguka 1979, wenyeji wengi walikimbilia Sudan na Zaire. Tangu 2016 njia imegeuka: wanaopokelewa hapa ni watu wa Yei, Sudan Kusini, wengi wao Wakakwa pia.