Nyumba Isiyo na Anwani

Kama wazazi wako wako Suneka au Keroka na wewe unasaka riziki Nairobi, huenda ushawahi kufikiria kuwawekea kamera. Fundi anafunga moja langoni na nyingine kwa zizi, anachomeka ruta yenye laini ya simu, na pale nyumbani picha inatoka safi. Ukirudi Nairobi unaandika zile namba za 192.168 na huoni kitu. Fundi anasema ni netiweki. Kumbe shida yenyewe ina miaka zaidi ya thelathini.

Kulinda boma ukiwa mbali nalo si jambo geni kwa Abagusii. Zamani vijana ambao hawajaoa walilala ebisarate, kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo ya ukoo dhidi ya wavamizi, hadi serikali ya kikoloni ilipozivunja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kamera ya nyumbani nayo ina mama yake: Marie Van Brittan Brown, nesi wa Queens, New York, aliyeomba hataza na mumewe mwaka 1966 na kuipata 1969. Lakini picha yake iliishia kwenye televisheni ndani ya nyumba ile ile.

Intaneti ikaahidi kwamba utatazama ukiwa popote. Tatizo ni hesabu. Mfumo wa anwani ulioanza kutumika 1983 una nafasi kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 1994 ukachapishwa ujanja wa kufanya vifaa vingi vitumie anwani moja, na 1996 zikatengwa rasmi anwani za faragha, zile za ruta yako.

Fikiria sanduku la posta la shule linalotumiwa na kijiji kizima. Ukituma barua, karani anaandika ni nani ametuma, kwa hivyo jibu litakufikia. Lakini barua ya mgeni ikija bila jina, karani hajui ampe nani. Simu yako ukiwa Nairobi ndiye huyo mgeni.

Februari 2011 ghala kuu la dunia likaisha. Mwaka 2012 zikatengwa anwani nyingine, zinazoanza na 100.64, ili kampuni za mtandao ziwaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo nyumba ya Suneka ikawa na milango miwili: wa ruta, na wa kampuni ya simu. Fundi anaweza kufungua wa kwanza. Ufunguo wa pili hana.

Na fungu la Afrika? Liko chini ya AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius, lililotambuliwa rasmi 2005. Mwaka 2021 lilivutana mahakamani na kampuni iliyosajiliwa Ushelisheli, yenye anwani zaidi ya milioni 6 kutoka fungu hilo, kuhusu anwani kutumika nje ya bara. Akaunti za benki za AFRINIC zikafungwa kwa muda. Yaani wakati sisi tunabanana kwa sanduku moja, masanduku yenyewe yanagombaniwa kortini.

Watengenezaji wa kamera walipata njia: kamera yenyewe inatoka kwenda kwa seva yao, na simu yako inakutana nayo hapo. Ndiyo maana unaskani tu ile kodi na picha inakuja. Lakini sasa kuna mtu wa tatu katikati, na anayetazamwa ni mamako akianua nguo. Kununua anwani ya wazi pia kuna hatari. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizoachwa na neno la siri la kiwandani, ikazitumia kuangusha tovuti kubwa.

Njia ya tatu ipo: kukodi seva ndogo na kuchimba handaki lako la siri kwa programu ya bure kama WireGuard. Inataka jioni moja ya uvumilivu. Kwa sasa, kabla fundi hajashuka ngazi, muulize picha zinapitia wapi, na mbadilishe neno la siri akiwa bado hapo. Vijana wa ebisarate walijulikana kwa majina na koo zao. Anayekesha na boma lenu leo, unamjua?