Wazee wa Marafiki Waliooa Nje ya Dini Yao

Wasomaji wetu wengi waijua Kaimosi, ambako wamisioni wa Marafiki kutoka Marekani walianza kazi mwaka wa 1902. Madhehebu hayo, ambayo wafuasi wake huitwa pia Wakweka, yalianza Uingereza katikati ya karne ya 17. Tumeona vyema kueleza jinsi wazee wao wa kale wanavyotafutwa vitabuni, hasa wale waliooa au kuolewa na watu wa dini nyingine.

Marafiki hao hawakuwa na padre wa kufungisha ndoa. Bwana na bibi arusi waliahidiana mbele ya mkutano, na waliohudhuria wakatia sahihi katika cheti. Cheti kimoja chaweza kuonyesha karibu ukoo mzima. Aliyekwenda kwa padre hana cheti hicho. Mwenye kutazama orodha za ndoa peke yake atadhani mtu huyo alikufa kijana.

Sivyo. Na atazame kumbukumbu za mkutano wa mwezi. Wajumbe walitumwa kumwonya mkosaji. Asipokiri kosa, alitengwa, na sababu ikaandikwa. Binti mara nyingi aliandikwa kwa majina mawili, la baba na la mume, na hapo ndipo mtafutaji hupata njia. Basi huenda aliyetengwa akajulikana kuliko nduguye aliyetulia nyumbani.

Dolley Todd, mjane wa Philadelphia, aliolewa na James Madison, asiye Rafiki, mwezi wa Septemba 1794, Desemba akatengwa. Mumewe akaja kuwa Rais wa Marekani. Squire Boone, baba wa mwindaji mashuhuri Daniel Boone, alitengwa huko Pennsylvania mwaka wa 1748 kwa kumtetea mwanawe aliyeoa nje. Twaona adhabu hiyo ilikuwa kali mno, na hata miongoni mwao walikuwapo waliosema hivyo: mwaka wa 1859 John Stephenson Rowntree aliandika kwamba sheria hiyo iliwapunguza sana Marafiki wa Uingereza, na muda si mrefu ikaondolewa.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Miezi iliitwa kwa hesabu, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza ulikuwa Machi, si Januari.

Tena aliyetengwa hakukatazwa kuja kuabudu. Kwa hiyo jina lake laweza kuonekana mara ya mwisho katika kitabu cha maziko, pamoja na alama ya kwamba hakuwa mshiriki.