Makorongo ya Kondoa

Mwaka 1979 wafugaji wa milima ya Irangi, wilayani Kondoa, walipewa amri ngumu: mifugo yote iondoke. Ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu 90,000 waliswagwa kutoka eneo la kilometa za mraba 1,256. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973, ulikuwa umechimba matuta na kupanda miti, lakini makorongo yalizidi kuila ardhi.

Korongo huanza na kitu kidogo sana. Kondoa hukaa miezi mingi bila mvua, nyasi zikakauka, udongo mwekundu ukabaki uchi. Mvua ya kwanza huja kwa kishindo. Matone hupasua udongo, vumbi laini huziba vitundu vyake, na maji yakikosa pa kuzama huteremka yakikwaruza vifereji. Vifereji vikiungana na kukuta mahali penye udongo laini, maji huchimba kidimbwi. Tangu hapo korongo hukua kwa kurudi nyuma. Maji yanayoporomoka hula kitako cha ukuta, sehemu ya juu hubaki ikining'inia, kisha huanguka yote kwa mkupuo, na kichwa cha korongo kikasogea hatua nyingine kuelekea mlimani.

Udongo huo haupotei. Mchanga mzito hutua bondeni, ndiyo maana mito ya huko ni mipana, mikavu karibu mwaka mzima, nalo tope husafiri hadi Ziwa Haubi.

Maofisa wa kikoloni waliwalaumu wenyeji na mifugo yao. Wanajiolojia waliosoma kuta za makorongo wamekuta habari ndefu zaidi. Chembe za mchanga hutunza dalili ya mara ya mwisho zilipopigwa na jua, na kwa dalili hiyo imebainika kwamba milima hii ilianza kumomonyoka sana takriban miaka 14,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika, kabla hapajawa na jembe wala zizi. Wimbi la pili ni la miaka 900 hivi iliyopita, na hapo mkono wa binadamu unaonekana: misitu ilikatwa, mashamba yakapanda miteremko.

Naona basi ng'ombe walibebeshwa mzigo usio wao peke yao. Hata hivyo, walipoondoka, nyasi na vichaka vilirudi upesi, vikashika sakafu za makorongo mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa tena, safari hii wakifungwa bandani na kukatiwa majani.