Jamaa ya Thomas Branch: Kutoka Colorado hadi Nyasaland

Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe, jina la Marekani husikika kila siku. Mahali hapo palikuwa gereza zamani za Rais Banda. Tangu mwaka 1994 ni makao ya wakimbizi, na jamaa nyingi zimengoja hapo safari ya ng'ambo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Baada ya habari hiyo mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, yuko Mmarekani aliyepata kuhamia huku na watoto wake?" Yuko, nami niliona afadhali nimjibu kwa maandishi.

Thomas Branch, mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Missouri, ambako utumwa ulikuwa halali hadi 1865. Hakuwa mtu mashuhuri. Alimwoa Henrietta, wakalea watoto, na mwanzoni mwa karne ya ishirini walikaa Pueblo, mji wa viwanda vya chuma huko Colorado. Walikuwa Waadventista Wasabato. Mwaka 1902 kanisa lao liliwatuma katika nchi hii, iliyopewa jina la Nyasaland mwaka 1907, pamoja na mhubiri Mwingereza Joseph Booth, yule yule aliyempeleka John Chilembwe Marekani mwaka 1897.

Safari ya siku zile haikuwa mchezo. Meli za baharini ziliishia Chinde, kwenye mlango wa mto Zambezi. Kutoka hapo abiria walipanda vyombo vya mtoni hadi mto Shire, kisha wakakwea milima kwa nchi kavu. Kituo chao kiliitwa Plainfield, huko Cholo, ambako sasa huandikwa Thyolo. Lilongwe, iliyokuja kuwa makao makuu mwaka 1975, ilikuwa haijawa hata mji.

Booth hakudumu. Punde aliachana na Wasabato, na mzigo wa kituo ukamwangukia Branch. Lakini mimi, kwa kuwa ni mwalimu, namtazama zaidi binti yao Mabel, aliyefundisha katika shule ya kituo. Masimulizi aghalabu humpa baba kurasa na binti mstari mmoja, nami sioni kuwa ni haki. Fikiri, ndugu msomaji: msichana wa Colorado mbele ya watoto wasiojua lugha yake, naye mgeni wa lugha yao. Mwalimu aliyeingia darasani Dzaleka na Kiswahili cha Bukavu, akakuta watoto wa Kirundi na Kinyarwanda, aijua kazi hiyo.

Serikali ya Kiingereza iliwashuku Wamarekani weusi, ikihofu kwamba wangewaamsha wenyeji kudai haki zao. Mwaka 1907 uongozi wa kituo ukakabidhiwa Mzungu, Joel Rogers, na jamaa ya Branch wakaondoka. Chilembwe alipoongoza uasi na kuuawa mwaka 1915, wao hawakuwapo tena.

Kituo kikaja kuitwa Malamulo, yaani "amri" kwa Kichewa. (Sikio langu lasikia humo kitenzi chetu amua, ila hilo nawaachia wataalamu.) Hospitali ya Malamulo ipo hadi leo, na chuo kipo, mahali pale pale Mabel aliposimama mbele ya darasa lake.